Mshipa mkuu wa moyo: Si kila maumivu ya kifua ni mshtuko wa moyo

Msomaji, weka ncha ya kidole chako katika kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokaribiana. Sasa kishushe kidole hicho polepole juu ya mfupa wa kidari. Ukifika kiasi cha sentimita tano utahisi mwinuko mdogo uliokingama. Wanafunzi wa udaktari hufundishwa kuutafuta mwinuko huo mapema sana katika masomo yao, kwani ni alama ya mambo mengi yaliyofichika ndani ya kifua. Mojawapo ni kwamba nyuma yake ndipo inapokomea sehemu ya kwanza ya aota, mshipa wa damu ulio mkubwa kuliko yote mwilini.

Sehemu hiyo, ambayo madaktari huiita aota inayopanda, ndiyo somo letu la wiki hii. Tumeichagua kwa sababu watu wengi wa mjini wana presha, na wanapoumwa na kifua huwaza mambo mawili tu: vidonda vya tumbo au mshtuko wa moyo. Kuna jambo la tatu. Halitokei mara nyingi, lakini likitokea ni saa chache tu zinazotenganisha uhai na kifo, na dawa ambayo ingemwokoa mgonjwa wa mshtuko wa moyo yaweza kumuua mgonjwa huyu.

Inaanzia wapi?

Moyo una vyumba vinne. Kile cha chini upande wa kushoto ndicho chenye misuli minene zaidi, maana kazi yake ni kuisukuma damu safi iende mwili mzima, kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Mlango wa kutokea chumba hicho ni vali yenye vipande vitatu vyembamba, na aota huanzia hapo hapo mlangoni. Hupanda kwenda juu, ikielekea mbele kidogo na upande wa kulia, urefu wa takriban sentimita tano. Unene wake kwa mtu mzima ni kama sentimita tatu, karibu na mpini wa jembe. Baada ya hapo hujipinda kama mpini wa mwavuli na kutoa matawi makubwa matatu yanayokwenda kichwani na mikononi, kisha hushuka nyuma ya kifua na tumbo hadi karibu na usawa wa kitovu, ambako hugawanyika kwa ajili ya miguu.

Karibu sehemu yote ile ya kwanza imo ndani ya mfuko unaouzunguka moyo. Tafadhali likumbuke jambo hilo, kwa sababu tutalirudia.

Juu kidogo ya vali ukuta wa aota umetuna mahali patatu, mfano wa vifuko. Vifuko hivyo vina jina la Antonio Maria Valsalva, tabibu wa Bologna nchini Italia aliyefariki mwaka 1723, lakini Leonardo da Vinci alikuwa ameshavichora karne mbili kabla yake. Yeye alikisia kwamba damu inapopita hapo huzunguka kama maji kwenye kona ya mto, na mzunguko huo ndio unaosaidia vali kufunga. Wataalamu waliochunguza jambo hilo kwa mitambo ya karne ya 20 walimwona kuwa hakukosea.

Kutoka katika viwili kati ya vifuko hivyo huchipuka ateri mbili nyembamba zinazoulisha moyo wenyewe. Hayo ndiyo matawi pekee ya aota inayopanda. Watu wengi hudhani kwamba moyo, madhali umejaa damu saa zote, hujilisha kwa damu hiyo. Sivyo. Moyo ni kama dereva wa lori la petroli: amebeba maelfu ya lita nyuma yake, lakini gari lake likihitaji mafuta sharti aingie kituoni kama wengine. Damu lazima kwanza itoke moyoni, ipite kwenye vali, iingie aota, ndipo sehemu yake irudi kwenye misuli ya moyo kupitia ateri hizo mbili.

Kazi yake si kupitisha tu

Ungeweza kudhani kwamba aota ni bomba tu. Ingekuwa bomba la chuma tungepata taabu kubwa. Kila pigo moja la moyo hutoa takriban mililita 70 za damu, na moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Ukuta wa aota una matabaka matatu, na lile la katikati limejaa nyuzinyuzi zinazovutika kama mpira. Moyo unapojikaza, aota hutanuka na kuhifadhi sehemu ya ile nguvu. Moyo unapopumzika, ukuta hujirudi na kuisukuma damu iendelee mbele. Hiyo ndiyo sababu damu haikatikikatiki njiani kama maji ya mfereji wakati wa mgao. Isitoshe, misuli ya moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati huo huo wa kupumzika, kwa hivyo aota ikipoteza uwezo wa kujirudi, moyo ndio wa kwanza kuumia.

Kwa bahati mbaya, nyuzi hizo za mpira hutengenezwa tukiwa tumboni mwa mama na katika miaka ya utotoni. Mtu mzima karibu hatengenezi nyingine. Ulizonazo ndizo utakazozitumia hadi uzee, nazo huchakaa kidogo kidogo hata kwa mtu mwenye afya njema.

Presha huharakisha uchakavu huo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Tunapozungumza juu ya presha, mara nyingi tunataja kiharusi na figo. Hatuutaji mshipa huu, ambao ndio unaoipokea damu ya kila pigo kabla ya mshipa mwingine wowote.

Mshipa unapotanuka

Ukuta uliochoka huanza kutanuka. Kutoka sentimita tatu hufika tatu na nusu, nne, nne na nusu. Mwenyewe hahisi lolote. Anakwenda kazini, anapanda ngazi, analala vizuri. Umewahi kupuliza puto? Mwanzo ni mgumu, lakini likishaanza kufunguka hupulizika kwa urahisi zaidi. Ndivyo ilivyo kwa mshipa. Kadiri unavyopanuka ndivyo ukuta unavyovutwa kwa nguvu zaidi na kuwa mwembamba, hata kama presha haikuongezeka.

Madaktari kwa kawaida hupendekeza upasuaji aota inayopanda inapofikia sentimita 5.5. Kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mishipa hawangoji ifike hapo. Wengi wao hupasuliwa ikifika sentimita 5 au hata kabla. Lakini kipimo hicho si ukuta wa mawe. Wapo ambao aota yao huchanika ikiwa na sentimita nne na kitu, na ndiyo maana kudhibiti presha hakungoji mshipa utanuke kwanza.

Kuchanika kwenyewe

Tarehe 25 Oktoba 1760 Mfalme George wa Pili wa Uingereza aliamka, akanywa chokoleti yake, akaingia msalani na kuanguka. Akafa. Tabibu wake, Frank Nicholls, alipoupasua mwili aliukuta ule mfuko unaouzunguka moyo umejaa damu iliyoganda, na ndani ya aota palikuwa na ufa. Maelezo yake ni miongoni mwa ya kwanza kuandikwa kwa makini kuhusu ugonjwa huu.

Hutokeaje? Tabaka la ndani la ukuta hupata ufa. Damu, ambayo inasukumwa kwa nguvu zote za moyo, hupenya kwenye ufa huo na kuanza kuyatenganisha matabaka, kama maji yanavyoibandua plaiwudi iliyoachwa mvuani. Hivyo hutokea njia ya pili, ya uongo, ndani ya ukuta wenyewe, na inaweza kuendelea hadi tumboni kwa muda wa sekunde au dakika chache.

Ufa ukiwa katika sehemu inayopanda, hatari ni nyingi kwa wakati mmoja. Damu yaweza kuvuja ndani ya mfuko wa moyo, ule tuliokuomba uukumbuke, na kuubana moyo usiweze kujaa. Yaweza kuziba ateri ya moyo, na hapo mgonjwa apate mshtuko wa moyo wa kweli juu ya ugonjwa wake. Yaweza kuziba mishipa ya kichwani, naye aonekane kama mtu aliyepigwa na kiharusi. Vali nayo yaweza kulegea na kuiacha damu irudi nyuma. Kwa miaka mingi madaktari wamefundishwa kwamba bila upasuaji, katika siku mbili za kwanza, mgonjwa mmoja au wawili kati ya kila 100 hufariki kila saa inayopita. Hesabu hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini haifai kungoja kupambazuke.

Ugonjwa unaojificha

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Ugonjwa huu hujifanya ugonjwa mwingine. John Ritter, mwigizaji wa televisheni wa Marekani, aliugua ghafla akiwa kazini tarehe 11 Septemba 2003 na kutibiwa kama mwenye mshtuko wa moyo; ilikuwa aota, na alifariki siku hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka 54. Jonathan Larson, mtunzi wa mchezo wa muziki uitwao Rent, alikwenda katika hospitali mbili za New York mnamo Januari 1996 akilalamika kifua, akarudishwa nyumbani mara zote mbili. Alikufa siku chache baadaye, usiku wa kuamkia onyesho la kwanza la mchezo wake mbele ya watazamaji. Alikuwa na miaka 35. Ikiwa hayo hutokea katika miji yenye mashine za kila aina, si ajabu yakitokea kwetu.

Kwa hivyo mgonjwa na jamaa zake wana kazi yao, nayo ni kumweleza daktari vizuri. Maumivu ya mshtuko wa moyo mara nyingi huanza kidogo na kuongezeka, na mtu huyaeleza kama uzito au kubanwa. Maumivu ya aota aghalabu huanza kwa kishindo, yakiwa makali kabisa tangu dakika ya kwanza, na wengi huyafananisha na kuraruliwa au kuchomwa kisu. Yanaweza kuanza kifuani na kuhamia mgongoni kati ya mabega, kisha kushuka. Mtu anaweza kuzirai, mkono mmoja ukafa ganzi, au mguu ukawa baridi. Daktari akiuliza "yalianza vipi?", usijibu tu kwamba yanauma sana. Mwambie ulikuwa ukifanya nini dakika yalipoanza na yamehamia wapi tangu hapo.

Jambo jingine ambalo mtu yeyote anaweza kuomba ni presha ipimwe katika mikono yote miwili. Tofauti ya zaidi ya milimita 20 za zebaki kati ya mkono na mkono, kwa mtu mwenye maumivu ya ghafla ya kifua, ni dalili ya kutiliwa maanani. Hugharimu dakika mbili tu. Kipimo cha umeme wa moyo chaweza kutoka kikiwa sawa. Eksirei ya kifua yaweza kuonyesha kivuli cha aota kilichopanuka, lakini eksirei iliyo sawa haimaanishi kwamba hakuna ugonjwa. Kinachokata shauri ni skani ya CT inayofanywa baada ya mgonjwa kudungwa dawa ya kuing'arisha mishipa, au kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti kinachofanywa kwa kupitishia chombo kwenye umio.

Nasi tunasisitiza hili kwa sababu ya zile dawa za kuyeyusha damu iliyoganda. Kwa mshtuko wa moyo ni dawa za thamani kubwa. Kwa aota iliyochanika, damu iliyoganda ndiyo wakati mwingine inayouzuia ukuta usipasuke kabisa. Vivyo hivyo, usimpe mtu vidonge vya aspirini ulivyosoma habari zake mahali fulani ikiwa maumivu yake yameanza kwa namna tuliyoieleza. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, yenye mashine ya skani ikiwezekana.

Ni nani aliye hatarini?

Presha ndiyo inayoongoza, hasa ile ya mtu anayemeza dawa wiki hii na kuziacha wiki ijayo kwa sababu "anajisikia vizuri". Sigara husaidia kuuharibu ukuta, na kokeini huweza kupandisha presha kwa ghafla kiasi cha kuuchana mshipa wa kijana.

Wapo pia waliozaliwa na udhaifu. Karibu mtu mmoja kati ya 100 huzaliwa na vali ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, na kwa wengi wao aota hutanuka kadiri miaka inavyosonga. Ugonjwa wa Marfan ni nadra zaidi: mwenye nao huwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono na vidole virefu kupita kawaida, na mara nyingine matatizo ya macho. Wapenzi wa voliboli huenda wanamkumbuka Flo Hyman, Mmarekani aliyeshinda medali ya fedha katika Olimpiki ya 1984. Tarehe 24 Januari 1986 alitolewa uwanjani nchini Japani, akaketi kwenye benchi, akaanguka na kufa. Hakuna aliyekuwa amejua kwamba ana Marfan. Familia yake ilipopimwa, ndugu yake alipatikana na ugonjwa huo huo naye akafanyiwa upasuaji. Kwa sababu hiyo, ikiwa mzazi wako, ndugu au mtoto wako alipatikana na aota iliyotanuka au kuchanika, au jamaa wa karibu alikufa ghafla akiwa kijana, omba upimwe. Mwanamke mwenye Marfan afanye hivyo kabla ya kushika mimba, kwani mimba huongeza hatari.

Kaswende nayo tusiisahau. Kabla ya penisilini kuenea, ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za kutanuka kwa aota inayopanda. Ugonjwa usiotibiwa ungeweza kukaa kimya miaka 10 hadi 30 kisha ujitokeze kifuani. Leo ni nadra kuuona ukifikia hapo, lakini kaswende yenyewe haijatoweka, na kuipima ni rahisi.

Tena kuna siprofloksasini, antibiotiki ambayo watu huinunua kwenye duka la dawa kama peremende kila tumbo linapochafuka. Mnamo Desemba 2018 idara inayosimamia dawa nchini Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka au kuchanika kwa watu ambao tayari wana udhaifu. Kwa mtu mwingine hatari ni ndogo sana. Kwa mwenye aota iliyotanuka, amwambie mwuza dawa mapema.

Upasuaji

Michael DeBakey, daktari wa Houston, Marekani, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa upasuaji wa aota katika miaka ya 1950. Alihitaji mshipa bandia na hakukuwa na kiwanda kinachoutengeneza, basi alinunua kitambaa cha Dacron dukani akakishona mwenyewe kwa cherehani ya mkewe. Tarehe 31 Desemba 2005, akiwa na miaka 97, alishikwa na maumivu makali kifuani akiwa peke yake nyumbani, akashuku ni aota. Ikawa ndivyo. Mwanzo alikataa kupasuliwa. Mnamo Februari 2006, hali ilipokuwa mbaya, wenzake walimfanyia upasuaji ule ule aliousaidia kuanzisha, wakamtia mshipa wa Dacron. Aliishi hadi Julai 2008.

Upasuaji wenyewe ni mkubwa. Kifua hufunguliwa, moyo husimamishwa, na mashine huchukua kazi ya moyo na mapafu. Sehemu mbovu hukatwa na kitambaa hushonwa mahali pake. Vali ikiwa imeharibika pia hubadilishwa pamoja na mshipa, njia ambayo Hugh Bentall na Antony De Bono waliieleza mwaka 1968. Nchini, upasuaji wa moyo wazi hufanywa Nairobi katika hospitali kama vile Kenyatta, Mater na Aga Khan, na pia Tenwek kule Bomet. Aliyetiwa vali ya chuma atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Upasuaji uliopangwa mapema una matumaini makubwa zaidi kuliko ule wa dharura usiku wa manane.

Kwa yule ambaye aota yake imetanuka lakini haijafikia kisu, kazi ni kushusha presha, kwa kawaida chini ya 130 kwa 80, aghalabu kwa dawa ambazo pia hupunguza nguvu ya kila pigo la moyo. Matembezi yanafaa. Kunyanyua magunia au vyuma vizito huku umezuia pumzi hakufai, kwani presha huruka juu mno kwa sekunde hizo. Na ikiwa umepigwa picha ya moyo na ripoti ikataja upana wa aota kwa milimita, iweke ndani ya bahasha pamoja na vyeti vyako vya maana, kwa sababu mwaka ujao daktari hatauliza tu aota yako ina upana gani, bali imekua kwa kiasi gani tangu ilipopimwa mara ya mwisho.